Fundi wa Mtaa wa Aggrey na Lango la Rotterdam

Kila mwaka mwezi wa Septemba, kabla dhoruba za Bahari ya Kaskazini hazijaamka, Waholanzi hukusanyika ukingoni mwa mto karibu na Hoek van Holland kutazama lango likifungwa. Nami huenda. Watoto wamebebwa mabegani, wazee wamekalia viti vya kukunja, na mbele yetu milango miwili myeupe ya chuma, kila mmoja una urefu wa mita 210 na kimo cha mita 22, inatoka taratibu kwenye maegesho yake kando ya mto. Inaelea mpaka katikati, inajazwa maji, inazama, inakaa chini kabisa. Meli zinasubiri. Bahari imebaki upande wake na mji upande wake.

Siku hiyo hakuna dhoruba. Wanalifunga ili wajue kama bado linafungika.

Lango hilo linaitwa Maeslantkering, na lilizinduliwa mwaka 1997. Nyuma yake kuna usiku mmoja wa mwaka 1953, bahari ilipovunja kingo na kuua watu 1,836 nchini humu. Mimi naishi kwa kuandika programu za kompyuta, kwa hiyo kinachonivuta pale si chuma. Uamuzi wa kulifunga umekabidhiwa kompyuta. Programu inapokea vipimo vya maji na utabiri wa hali ya hewa, inakokotoa, na ikiona maji yatafika mita 3 juu ya usawa wao wa bahari pale Rotterdam, inaamuru milango itoke. Sehemu nyeti za programu ile zilielezwa kwanza kwa alama za hisabati, zikakaguliwa, ndipo msimbo ukaandikwa. Kisha ikakaa miaka ikisubiri. Tarehe 21 Desemba 2023 ndipo, kwa mara ya kwanza, ilipolifunga yenyewe kwa sababu bahari ilikuwa inakuja kweli. Miaka 26 ya kusubiri, na kila Septemba mtu amelijaribu, amekagua, amebadilisha kilichochakaa. Wala hawajidanganyi kwamba haliwezi kushindwa. Kipimo walichojiwekea ni kwamba likiitwa mara 100, lisikatae zaidi ya mara 1.

Mwaka wa kwanza nilipolitazama nilirudi nyumbani kwa treni bila kusema neno, maana nilikuwa nawaza bonde la Msimbazi.

Kwetu ni Jangwani, katika bonde hilo jijini Dar es Salaam. Siku Yanga wakishinda, kelele za klabuni tunazipata tukiwa uani, na siku mvua ikinyesha Pugu na Kisarawe, mto unatufikia hata kama kwetu hapajadondoka tone. Desemba 2011 nchi ilikuwa ndiyo kwanza imetoka kusherehekea miaka 50 ya Uhuru. Nilikuwa mwaka wa pili Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nimerudi likizo. Maji yaliingia alfajiri ya tarehe 20. Mama alipandisha unga, vyeti vyetu vya shule na Msahafu juu ya kabati. Mimi nikambeba mdogo wangu. Watu wasiopungua 40 walifariki jijini wiki ile, na baadhi ya majirani zetu walihamishiwa Mabwepande. Tulipopata nafasi ya kurudi ndani, kompyuta yangu ya mtumba ilikuwa imelala kwenye tope.

Niliipeleka Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, kwa fundi mmoja mwenye meza iliyobanwa kati ya duka la makava ya simu na ngazi za ghorofa. Kabla sijamaliza salamu alininyooshea kidole: "Umeiwasha?" Nikasema bado. "Afadhali. Ungeiwasha ungeiua." Akaifungua, akatoa bodi, akaiosha kwa spiriti na mswaki wa kawaida wa meno, akaianika juani siku mbili. Siku ya tatu akaanza kupima njia moja baada ya nyingine kwa mita, hana haraka, na kila alichokiona akakiandika kwenye daftari la shule lenye jalada la kijani. Jina la mteja, mashine, ilifika na tatizo gani, amegusa nini, hakugusa nini. Nilimuuliza kwa nini anajisumbua kuandika na kazi anaijua. Alinijibu bila kuinua kichwa: "Mashine hurudi, mdogo wangu. Ikirudi nataka nijikute."

Kompyuta ilipona. Mwaka mzima uliofuata, Jumamosi zangu zilikuwa kwenye meza ile. Darasani walinifundisha mengi ninayoyatumia mpaka leo, ila utaratibu wa kutafuta hitilafu, wa kupima kabla ya kubadilisha na kubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, niliupata Aggrey.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kwenye kampuni moja hapo mjini. Tulitengeneza mfumo wa kupokea malipo kwa ajili ya taasisi fulani, vijana wanne, miezi saba, usiku na mchana. Siku ya uzinduzi kulikuwa na keki, fulana na hotuba. Mwezi uleule mkataba wetu ukaisha, kwa kuwa mkataba ulikuwa wa kujenga. Wa kutunza haukuwepo. Miezi minane baadaye mfumo ukasimama. Makarani wakawaambia watu waliopanga foleni juani maneno tunayoyajua wote: "Mtandao unasumbua." Mtandao haukuwa na shida yoyote. Seva ilikuwa inaandika taarifa za kila muamala kwenye diski, hakuna aliyezifuta wala kuzihamisha, na diski ikajaa. Kazi ya dakika kumi. Lakini nenosiri alikuwa nalo mwenzetu aliyekwishahama, maelezo ya mfumo hatukuwahi kupewa muda wa kuyaandika, na bajeti haikuwa na fungu la mtu wa kufuta mafaili. Fungu la mfumo mpya lilipatikana. Ukajengwa mwingine kuanzia mwanzo, wetu ukatupwa. Niliumia kama mtu aliyebomolewa nyumba.

Nilipofika Rotterdam nilidhani nitajenga mambo makubwa. Nilikabidhiwa programu ya miaka 18 ya kupanga safari za makontena. Miezi mitatu ya mwanzo karibu sikuandika kitu kipya, nilisoma. Mhandisi mmoja aliyekaribia kustaafu alikaa nami kila asubuhi. Kuna mahali kwenye msimbo tulikuta onyo: mstari huu usiondolewe, soma taarifa ya tarehe fulani. Taarifa ilikuwepo! Kurasa nne juu ya usiku mmoja mfumo ulipoanguka: dalili ya kwanza ilionekana saa ngapi, walidhani nini, wakakosea wapi, wakarekebisha nini. Hakuna jina la mkosaji hata moja. Wao huuliza ni kitu gani kiliruhusu kosa lipite. Ofisi niliyotoka tulianza na "nani kafanya?", na ukianza hivyo kila mtu anaficha alichokiona, kosa linabaki palepale likingoja mwingine.

Hapa Uholanzi, kwa hiyo, kutunza ni kazi yenye heshima, yenye mshahara, yenye saa zake kwenye ratiba. Msimbo wangu haupiti mpaka mwenzangu ausome mstari kwa mstari, akauliza, akakataa. Mwanzoni niliona nadharauliwa. Siku hizi nikiandika namfikiria yule atakayeusoma nikiwa nimeshahama.

Ila kuna kitu nimekikosa huku na nakikosa kwa uchungu. Miaka tisa, sijawahi kumwona uso kwa uso mtu anayetumia ninachokiandika. Maombi yake yananifikia yakiwa yamepita mikono mitano. Pale Aggrey mwenye simu amesimama mbele yako, mwanawe yuko Songea anasubiri ada, na simu ndiyo yenye pesa. Unatengeneza ukimtazama machoni. Waandishi wa programu wa nyumbani wanaowajua watumiaji wao wamefanya makubwa kwenye nafasi finyu mno. Piga *150*00# kwenye kitochi: menyu nzima ya pesa za simu inapaswa kuenea katika herufi zisizozidi 182, na ukichelewa kujibu inakatika. Ndani ya tundu hilo la sindano wamepitisha pesa za nchi tangu 2008, na kuanzia 2014 mitandao ikaanza kuruhusu mteja wa mtandao mmoja kumtumia wa mtandao mwingine. Na mifumo hiyo inatunzwa. Usiku wa manane kuna kijana yuko macho akiiangalia.

Kwa hiyo siamini wanaosema sisi kwa asili hatujui kutunza. Pesa ya simu inatunzwa kwa sababu ikisimama dakika tano hasara inaonekana kwenye vitabu vya wakubwa. Mtaro ukiziba Jangwani, hasara inakuja mara moja au mbili kwa mwaka, na inaingia kwa mama yangu.

Kuna kazi moja ya nyumbani ninayoionea fahari kuliko nyingi nilizoziona Ulaya: Ramani Huria. Kuanzia 2015 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi, pamoja na wakazi wenyewe, walipita kata zinazokumbwa na mafuriko wakichora kila nyumba, kichochoro na mtaro, na kuviingiza kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo yeyote anaweza kuitumia na kuirekebisha bure. Mama alinisimulia kwa simu kwamba vijana wamekuja na karatasi, wamemuuliza maji yalifika wapi. Aliwaonyesha kwa kiganja: mlangoni hapa, jikoni hapa. Usiku ule nilifungua ramani nikiwa Rotterdam, nikaukuta mtaro wa nyuma ya nyumba yetu, ule ambao utotoni tuliuruka kwenda shule. Haukuwahi kuwepo kwenye ramani yoyote. Tangu hapo, Jumapili nyingi nakaa nikirekebisha: nyumba iliyovunjwa naifuta, njia iliyofungwa naibadilisha, kwa maelezo ya mdogo wangu anayezunguka na simu yake. Ramani ya bonde lile inachakaa upesi, kila msimu mto unaipangua.

Sasa upo Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Mto Msimbazi, kwa mkopo wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa 2022. Ndani yake kuna kuinua daraja la Jangwani na kuihamisha karakana ya mwendokasi, ile iliyojengwa palepale bondeni na kuzamishwa na maji mara kadhaa tangu mabasi yaanze kazi 2016. Naufurahia kwa moyo wote. Nilipokwenda likizo nilimweleza mama jinsi daraja jipya litakavyokuwa juu, maji yapite chini kwa uhuru. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa anachambua mchele. Kisha akauliza: "Na mchanga unaojaa mtoni? Nani atakuwa anautoa kila mwaka?"

Nilimsimulia lango, na watu wanaokwenda na chai yao kulitazama likifungwa siku ya jua. Alinyamaza kidogo, akasema angependa kuona siku hiyo Jangwani: mitaro inafunguliwa Februari kabla ya masika, wanafunzi wa Jangwani Sekondari wanatazama, na diwani amesimama pale na karatasi mkononi akisoma ni upi umepimwa na ni upi bado.

Kesho yake nilipita Aggrey. Meza imehamia mlango wa tatu, fundi ameota mvi, na pembeni yake ameketi kijana wa miaka kama kumi na saba mwenye mkono mwepesi sana. Nilimwamkia fundi, tukakumbatiana. Mteja akaleta simu, kijana akaidaka na kushika bisibisi. Fundi akamzuia mkono.

"Andika kwanza."

Kijana akavuta daftari, safari hii lenye jalada la bluu, akaandika kwa herufi kubwa zilizonyooka: Tecno. Haichaji. Iliingia maji. Jangwani.