Alikuwa Myahudi wa Czernowitz

Kazi yangu ni kutafuta kumbukumbu za familia za Kiyahudi za Bukovina, jimbo ambalo leo nusu yake iko Ukraine na nusu iko Romania. Mimi mwenyewe ni mjukuu wa watu wa huko. Wengi wanaonijia huanza na swali lilelile: bibi yetu alikuwa raia wa nchi gani?

Jibu linategemea mwaka. Aliyezaliwa Czernowitz, mji mkuu wa jimbo hilo, mwaka 1900 alizaliwa chini ya Kaisari wa Austria. Mwaka 1918 Romania ikautwaa mji. Juni 1940 wakaingia Wasovieti. Julai 1941 Waromania wakarudi pamoja na Wajerumani. Mwaka 1944 Wasovieti tena. Na tangu 1991 ni Ukraine. Mshairi Rose Ausländer alizaliwa humo mwaka 1901, Austria. Paul Celan, mshairi mwenzake, alizaliwa humo humo mwaka 1920, Romania.

Rejista za kuzaliwa za enzi ya Austria zimeandikwa kwa Kijerumani. Kila mstari una tarehe, namba ya nyumba, jina la mtoto, wazazi na mkunga. Mtoto wa kiume huongezewa jina la aliyemtahiri. Mara nyingi nakuta mtoto ameandikwa wa nje ya ndoa na kupewa ukoo wa mama. Wajukuu wakiona hivyo hushtuka, nami huwatuliza. Wazazi walifunga ndoa mbele ya rabi, mtaa mzima ukishuhudia, ila hawakwenda kuiandikisha serikalini. Kwa jumuiya walikuwa mume na mke. Kwa karani hawakuwa chochote. Kuna kurasa ambamo baba amerudi miaka mingi baadaye kutia saini pembeni, akikiri kuwa mtoto ni wake.

Mambo hayo yaliweza kuonekana madogo hadi Januari 1938, serikali ya waziri mkuu Octavian Goga ilipoamuru uraia wa Wayahudi wa Romania uhakikiwe upya. Kila mtu alitakiwa alete hati kuthibitisha kwamba ni raia. Hebu mfikirie mtu ambaye rejista inamwita kwa ukoo wa mama na majirani wanamjua kwa ukoo wa baba. Nchi nzima, Wayahudi zaidi ya 200,000 walivuliwa uraia.

Oktoba 1941 Wayahudi wa mji walifungiwa ndani ya geto, kisha wakaanza kupelekwa Transnistria, eneo la Ukraine lililokaliwa na Romania, ambako wengi sana walikufa kwa njaa, baridi na maradhi. Meya Traian Popovici alipinga, na kwa juhudi zake watu wapatao 20,000 walipata vibali vya kubaki. Miaka michache kabla ya hapo karatasi ilimvua mtu nchi. Sasa karatasi ilimwachia uhai. Wasovieti nao, waliobana dini, waliandika ndani ya pasipoti ya kila Myahudi kwamba taifa lake ni Myahudi. Hekalu kubwa la mji, lililochomwa mwaka 1941, walilifanya jumba la sinema.

Ndiyo maana siwatafutii wateja wangu asili yao kwenye uraia peke yake. Naitafuta katika vitu ambavyo jumuiya ilivijenga na kuvitunza yenyewe: masinagogi, shule, hospitali, na makaburi ya Mtaa wa Zelena yenye wafu wapatao 50,000. Pale unaweza kupita safu moja ya ukoo mmoja ukakuta babu ameandikiwa Kiebrania, mwanawe Kijerumani, na mjukuu Kirusi. Lugha ya mawe ilibadilika. Watu waliendelea kuzikana.

Sisemi uraia ni kitu cha kupuuza. Nimeshika mikononi mwangu hati za watu walioukosa, na najua kuukosa kuliwagharimu nini. Ninachosema ni kwamba serikali haikuwafanya watu hawa kuwa wenyeji, bali iliwakuta wakiwa wenyeji tayari. Yeyote mwenye mamlaka juu ya hati za wengine, popote alipo, anapaswa kuanzia hapo: mtu aliyezaliwa mahali, akazika wazee wake hapo, asilazimishwe kuomba upya haki ya kuitwa wa hapo kila mpaka unaposogezwa.