Mkono wa santuri na milimita moja

Najua niliahidi kwamba wiki hii tungeendelea na somo la hifadhidata, lakini itabidi lingoje. Kwa mwezi mzima sasa jioni zangu zimeliwa na kitu ambacho hakina hata mstari mmoja wa programu ndani yake, yaani mkono wa santuri. Nazungumzia ule ufito wa chuma unaobeba sindano na kuisindikiza kutoka ukingoni mwa sahani hadi karibu na kati.

Kisa chenyewe ni hiki. Marehemu baba alipiga gitaa katika bendi moja ya Mombasa akiwa kijana, na mwaka 1978 wakarekodi sahani moja ndogo, ile ya mizunguko 45 kwa dakika. Wimbo umegawanywa mara mbili, sehemu ya kwanza upande huu na ya pili upande ule, kama ilivyokuwa desturi. Karibu na mwisho wa sehemu ya pili waimbaji wananyamaza, na baba anatoa salamu huku gitaa likiendelea. Mama anashikilia kwamba katika salamu hizo alitajwa yeye, na wakati huo walikuwa bado hawajaoana. Nyumbani imebaki nakala moja tu. Na mimi, msomi wa sayansi ya kompyuta, nusura niimalize.

Miaka mitatu iliyopita nilinunua kimashine cha plastiki chenye umbo la sanduku. Kilikuwa kizuri kwa macho. Baadaye nilikuja kupima uzito ambao sindano yake ilikandamizia sahani, nikakuta unazidi gramu 5. Lakini hilo nililijua baada ya kuicheza sahani ya baba mara nyingi, na kila mara sehemu ya salamu ilizidi kuharibika, kila "s" ikachacharika kama kitunguu kwenye mafuta ya moto. Siku moja mama akaniambia, "Mwanangu, baba yako hakuwa na kithembe." Nikaizima, sikuigusa tena.

Aliyeniokoa ni mjomba, kaka yake mama, aliyefanya kazi Uingereza na kurudi mwaka 1984. Stoo kwake, chini ya magunia, kulikuwa na mashine ya Garrard 401 ndani ya sanduku la mbao, na juu yake mkono wa SME 3009. "Chukua, mjomba, mimi masikio yamekwisha," akasema. Garrard haikunipa taabu. Kasi ya mota yake hufuata marudio ya umeme wa gridi, na kwa bahati sisi na Waingereza sote tunatumia hezi 50. Kazi ilikuwa kwenye mkono.

SME ilianzishwa na Alastair Robertson-Aikman mwaka 1946, na kirefu chake ni Scale Model Equipment, kwa sababu walianza kwa kutengeneza vipuri vya mifano midogo ya mashine. Mwaka 1959 bwana huyo alitaka mkono mzuri wa santuri kwa matumizi yake mwenyewe, akautengeneza. Marafiki waliouona wakautaka, na kampuni ikabadili biashara. Namba 3009 inatokana na urefu wa inchi 9, na nduguye 3012 ana inchi 12.

Nilipoufungua nilikaa kimya kidogo. Ili uweze kupanda na kushuka, mkono huu haukushikwa kwa beringi. Umekalia makali, kama ya kisu, kwa namna ileile ya mizani ya zamani ya sonara. Makali hayana nafasi ya kuchezacheza, wala hayana msuguano wa kutajika. Kwa kuzunguka kulia na kushoto ndipo kuna beringi za gololi. Kichwa kinachobeba katriji kimetobolewa vitundu, na si pambo: mkono mzito ukiungana na sindano laini hutikisika wenyewe kwa mtetemo wa chini sana, na sahani iliyopinda kidogo inatosha kuuamsha. Kila gramu unayoipunguza upande wa sindano inasaidia.

Ugonjwa wa mkono wetu ulikuwa mkia. Uzito wa nyuma haukuunganishwa chuma kwa chuma. Katikati kuna mpira wa kuzuia mitetemo, na mpira ukizeeka unalala, mkia unainama kama wa mbwa aliyechapwa. Nikaenda Kirinyaga Road kwenye maduka ya vipuri vya magari nikanunua kipande cha mpira, kisha fundi mmoja wa Kamukunji akauchonga hadi ukaingia sawasawa. Hakuniuliza ni wa nini. Alidhani ni wa pikipiki.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo nilipokosa usingizi.

Sahani inapotengenezwa, kifaa kinachochonga mifuo husafiri kwa mstari mnyoofu kuelekea katikati. Mkono wetu umefungwa sehemu moja, kwa hiyo sindano yake husafiri kwa tao. Haiwezekani mwendo huu ufanane na ule kila mahali. Chukua mkono mnyoofu wa milimita 230 ambao sindano yake inapita juu ya kijiti cha katikati: ukingoni mwa sahani kubwa sindano itakuwa imepinda digrii 18 na zaidi kutoka kwenye mfuo, na ndani digrii 7 hivi. Dawa yake ilikwisha kuchapishwa na Löfgren mwaka 1938 na Baerwald mwaka 1941. Unakunja kichwa cha mkono kwa takriban digrii 24, halafu unaacha sindano ipite kijiti cha katikati kwa milimita 18. Kosa linabaki chini ya digrii 2 sahani nzima, na kuna sehemu mbili ambapo ni sifuri kabisa: milimita 66 na milimita 121 kutoka katikati.

Niliandika programu ya mistari thelathini kuhakikisha. Mara ya kwanza iliniambia nikunje mkono kuelekea dari. Nilikuwa nimeipa kitendaji cha saini digrii badala ya radiani, kosa ambalo nimewacheka wenzangu kwalo kazini. Mkinicheka na nyinyi ni haki yenu.

Lakini programu ilipokaa sawa ilinionyesha jambo. Vipimo hivyo vimekusudiwa sahani kubwa. Nilipima kwa rula mahali baba anapoanza salamu: milimita 57 kutoka katikati. Hapo kosa ni digrii 1.4, na ndipo mahali pabaya zaidi pa kukosea, kwa sababu mfuo wa ndani unapita chini ya sindano polepole. Mwanzo wa sahani ile, mfuo unakwenda karibu milimita 400 kwa sekunde. Kwenye salamu ni 270 tu, na sauti zilezile zimebanwa katika nafasi finyu. Nikaiuliza programu: nikitaka sifuri iwe hapohapo kwenye 57, nifanye nini? Jibu: ongeza nafasi kati ya kitako cha mkono na kijiti cha katikati kwa milimita moja na kidogo.

Na SME walitengeneza kitako kinachoteleza! Unalegeza skrubu mbili, unasukuma, unakaza. Mtu aliyefikiria hivyo mwaka 1959 ningependa kumwajiri.

Likabaki suala la mvuto. Kwa kuwa kichwa kimekunjwa, msuguano wa sahani huuvuta mkono kuelekea ndani, na sindano inaegemea ukuta mmoja wa mfuo. SME hutundika kijiwe kidogo kwa uzi, kinavuta upande wa pili. Kijiwe kiwekwe wapi? Sahani ya baba ni ya mono, maana yake kuta zote mbili zimebeba sauti ileile. Basi nikarekodi kwenye kompyuta, nikatoa spika ya kushoto kutoka ya kulia. Muziki unajifuta, kinachobaki ni makosa. Nilifanya majaribio yote kwa sahani nyingine kuukuu ya mono niliyonunua kwa bei ya chai, nikisogeza uzi kishimo kimoja baada ya kingine mpaka masazo yakawa madogo kabisa. Ningeijaribia ile ya baba, ningekuwa sijajifunza chochote.

Jumamosi iliyopita nilibeba mashine yote hadi Mombasa. Sindano mpya, gramu 1.5, nimeipima kwa mizani ya dijitali. Mama alikaa kwenye kiti chake na leso begani. Sehemu ya pili ikacheza, waimbaji wakanyamaza, na baba akasema. Niliwasikia wapiga ngoma, nikamsikia mwenye bendi, nikasikia mtaa wa Majengo. Kisha jina moja la mwanamke, ambalo silabi yake ya kwanza haipo. Pale mfuo umekwanguliwa, na aliyeukwangua ni mimi na kisanduku changu. Hakuna pembe wala programu itakayoirudisha.

Silabi mbili za mwisho ziko wazi kabisa. Ni zake.

Mama hakusema kitu kwa muda. Halafu, "Rudisha hapo."

Nikamwambia sahani ipumzike, nimesharekodi, nikamwekea kwenye simu. Tangu Jumamosi ameshanipigia mara mbili kuniuliza faili iko wapi, maana akigusa huku inamletea picha za harusi ya binamu.