Hospitali Ifananayo na Hoteli
Msafiri augukapo ugonjwani mjini Bangkok, Thailand, aweza kupelekwa Bumrungrad, hospitali ya watu binafsi iliyofunguliwa mwaka 1980. Humo mna wakalimani wa lugha nyingi, na ukumbi wake wafanana na wa hoteli kubwa. Mwaka 2002 nchi hiyo ilitunga sheria ya matibabu kwa raia wake. Hapo mwanzo mgonjwa alitoa baht 30 tu. Mtalii hayumo. Yeye huweza kudaiwa amana, au hati ya bima, kabla ya kulazwa.

Basi, ndugu wasomaji, kijana wenu akisafiri ulizeni mapema: akiugua, nani atalipa? Pasi na tiketi havitoshi. Hati ya bima iwemo mkobani, na nakala yake ibaki nyumbani, kwani simu ya usiku itawaamsha ninyi.