Kabla Hajaitwa Ndugu

Jumamosi, 8 Februari 2025

Nimechangia damu leo. Maswali hunichosha kuliko sindano: una wenza wangapi, umechanjwa chale lini, umewahi kuugua manjano. Najua kwa nini wanauliza, ila nikimaliza kujibu hujiona mtuhumiwa. Kisha dakika chache kitandani, mililita 450, soda na biskuti. Nimetoka na raha, na kiburi kidogo pia. Kwenye daladala nilitamani mtu aniulize plasta hii ya nini. Hakuna aliyeuliza.

Aliyeuliza ni bibi, na hakupendezwa. Amekulia Kariakoo enzi za mkoloni, watoto wakilikimbia gari la zimamoto kwa kuamini ndani yake mna mumiani. "Na hawa wako wanaiuza," akasema. Nikamjibu haiuzwi, kwa sauti kubwa kuliko uhakika niliokuwa nao.

Jumanne, 25 Februari 2025

Nimefuata majibu. Kila chupa hupimwa VVU, homa ya ini B na C, na kaswende. Sina sababu ya kuogopa, lakini niliogopa. Kwenye benchi nilishaanza kupanga nitamwambiaje mume wangu. Niko salama.

Njiani nikajiuliza: huwa nachangia kwa huruma, au nimepata njia ya kupima afya bila kusema nimekwenda kupima? Huenda yote mawili. Atakayeongezewa hana haja ya kujua.

Jumapili, 20 Aprili 2025, Pasaka

Wifi alijifungua juzi jioni, damu ikakataa kukatika. Jana hospitali ikataka ndugu wa kurudishia. Macho yote kwangu: "Si wewe mzoefu?" Mwanamume husubiri miezi 3 kabla ya kuchangia tena, mwanamke 4, yangu haijatimia. Nikawatazama mashemeji, vifua kama milango ya Zanzibar. Mmoja ana presha, mwingine alikunywa usiku, wa tatu akaenda kupokea simu hadi leo. Nilikasirika, kisha nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe hutazama ukutani sindano inapoingia.

Langoni kijana akatunong'oneza kuwa anao vijana wa kutoa, elfu hamsini kila mmoja. Nikamkumbuka bibi. Hakukosea yote.

Lakini wifi alikwisha kuongezewa chupa mbili usiku uleule, kabla yeyote kati yetu hajakunja mkono wa shati. Za nani, hatutajua. Pengine za wanafunzi wa sekondari, maana wao ndio wanaobeba sehemu kubwa ya uchangiaji wa hiari. Shule zikifungwa, majokofu ya damu hupungukiwa. Na damu haiwekwi akiba kama mahindi: chembe nyekundu hukaa kwenye jokofu siku 35 hivi, zikipita inamwagwa. Ile yangu ya Februari, kama haikupata mtu, imeshaisha muda. Nimeumia kuwaza hivyo.

Jumamosi, 14 Juni 2025

Siku ya Wachangia Damu Duniani. Tarehe hii ndiyo aliyozaliwa Karl Landsteiner, mwaka 1868, yule aliyegundua makundi ya damu. Miezi yangu imetimia, nikaenda na shemeji mdogo, aliyejitolea mwenyewe bila kusutwa.

Nikatobolewa kidole, tone likadondoshwa kwenye maji ya mrututu. Linatakiwa lizame, langu likaelea. Damu pungufu. Nikaambiwa nile maini, dagaa na mboga za majani, nirudi baadaye. Niliona aibu, na chini ya aibu palikuwa na nafuu ambayo sijamwambia mtu: leo sichomwi.

Shemeji akalala kitandani akitokwa jasho. Alipoinuka akauliza damu yake inakwenda kwa nani. Nesi akamwambia kwa yeyote atakayeihitaji. Hakuridhika. Anataka jina, kama nilivyolitaka mimi zamani.

Nimemwambia ninachokiamini tangu Pasaka. Ndugu anayechangia mgonjwa akishalazwa anarudisha deni, na ni vyema alirudishe. Lakini chupa yake lazima ipimwe kwanza, na mama anayevuja damu usiku wa manane hawezi kusubiri maabara. Anayemwokoa ni yule aliyechangia siku za nyuma, pasipo kuwa na mgonjwa wodini.