Birika la baharini na logibuku yangu

Nimekuwa kimya sababu ya ripoti ya PT, mnajua wenyewe. Jana usiku badala ya kupiga msuli nikaangalia tena K-19, ile filamu ya Harrison Ford ya mwaka 2002, halafu nikakesha nasoma kisa chenyewe. Usingizi ukakata kabisa.

Kwa wale ambao mitambo siyo fani yao: nyambizi ya nyuklia kimsingi ni birika. Viini vya urani vinapasuka na kutoa joto. Joto linabebwa na maji yaliyo kwenye mgandamizo mkubwa mpaka hayachemki, nayo yanaenda kuchemsha maji mengine ya pembeni. Mvuke unazungusha turbaini, turbaini inazungusha rafadha. Kinu hakihitaji hewa kama injini ya dizeli, ndiyo maana Nautilus ya Wamarekani iliweza kupita chini ya barafu ya Ncha ya Kaskazini tarehe 3 Agosti 1958. Zile za Virginia za siku hizi zimetengenezwa zisiongezwe urani maisha yao yote, miaka 30 na ushee! Kinachowarudisha mabaharia nyumbani ni chakula kuisha.

Sasa K-19. Tarehe 4 Julai 1961 nyambizi hiyo ya Wasovieti ikiwa Atlantiki ya Kaskazini, mfumo wa maji ya kupoza kinu ukavuja, mgandamizo ukashuka. Wakazima kinu. Ila jamani, kinu siyo jiko la gesi. Ukishakizima, urani inaendelea kujipasha yenyewe, kama makaa chini ya majivu. Na mfumo wa akiba wa kupoza? Haukuwa umefungwa. Ikabidi watu waingie mle kwenye mionzi, wachomelee bomba jipya la kupitisha maji. Luteni Boris Korchilov alijitolea kuingia. Kinu kilipoa kweli. Lakini wanane, Korchilov akiwemo, walikufa kabla ya Julai kuisha.

Hapo kwenye mfumo wa akiba ndipo niliposhikwa.

Kiwandani nilikofanyia PT kuna boila. Wiki ya pili nikaona vali ya usalama imefungwa waya isifunguke. Nikamuuliza fundi mkuu. Akacheka. "Dogo, ikipumua pumua tunapoteza mvuke. Mwaka mzima huu, umesikia kitu?" Nikasema hapana, mzee. Kwenye logibuku nikaandika: vali ya usalama, sawa. Akasaini, akanipa alama nzuri.

Yule mzee nampenda, kanifundisha mengi kuliko madesa yote ya mwaka wa pili. Ila kuna mama wa usafi hula chakula chake cha mchana pembeni ya ile boila, anasema pana joto zuri kwa miguu yake. Usiku kucha nilikuwa namuona yeye tu.

Mimi hakuna aliyeniambia niingie kwenye mionzi. Nilitakiwa kuandika mstari mmoja wa kalamu.

Ripoti inakusanywa Jumatatu. Nikiandika ukweli itapingana na logibuku, naweza kurudishwa PT mwakani, na bumu mnajua lilivyo. Nimeshaufuta ule mstari kwenye ripoti na kuandika nilichokiona. Leo jioni nampigia mzee kwanza, asikie kwangu. Mniombee.