Walaji wa Majani Huko Serengeti

Ukitoka Karatu kwenda magharibi, njia hupanda mpaka ukingo wa Ngorongoro, kisha huteremka kwenye uwanda mpana wa Serengeti. Wakati wa mvua nyumbu hujaa hapo kama siafu. Mgeni atasema, "Wataimaliza nchi!" Sivyo, wasomaji. Nyumbu ndio wanaoitunza. Sikilizeni habari yake.

Karibu na mwaka 1890 sotoka iliingia kutoka kaskazini. Ng'ombe walikufa, wafugaji wakapatwa na njaa kali, hata nyumbu na nyati wakaanguka. Ugonjwa ukakaa miaka mingi ukiua ndama wa nyumbu. Je, nyasi zilipata faida? Katikati ya karne iliyopita zilikuwa zikirefuka bila mlaji, zikikauka, na wakati wa kiangazi moto ulipita ukiteketeza miche ya miti.

Hatimaye ng'ombe wa vijiji vya kandokando walichanjwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 sotoka ikawaacha nyumbu. Mwaka 1961 walihesabiwa kama 260,000. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walikwisha pita milioni 1. Midomo hiyo yote ilipunguza nyasi, moto ukakosa kuni, na miche ya migunga ikapata kukua. Twiga nao wakaongezewa chakula. Mavi ya nyumbu hurutubisha udongo. Wadudu huyaviringisha na kuyafukia, kama mkulima na samadi yake. Hata nyumbu wanaokufa maji wakivuka Mto Mara hulisha samaki na ndege.

Kazi hii ya walaji wa majani ni ya kale. Si mbali na njia ile ile liko bonde la Oldupai. Humo imechimbuliwa mifupa ya wanyama waliokwisha toweka duniani: mmoja jamaa ya tembo, mwenye pembe zilizotoka taya la chini na kupinda kuelekea ardhini, mwingine kama nyati, mwenye pembe ndefu kupita za nyati wa leo. Hao hawatarudi tena.

Lakini nyumbu walirudi, kwa sababu ng'ombe walipigwa sindano. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba sotoka imekwisha duniani kote. Basi, mfugaji, bwana mifugo akija kuchanja, usifiche ng'ombe hata mmoja. Ugonjwa wa zizi lako waweza kufika mpaka kwenye miti ya porini.