Nusu ya Kuonana

Wahenga walinena kuwa waraka ni nusu ya kuonana. Nusu ya pili hawakuieleza, kwani kila aishiye kisiwani anajua iliko: iko ng'ambo, na baina ya nusu hizo mbili pana maji. Neno lisemwalo uani halihitaji karatasi. Lakini neno livukalo bahari hulazimika kuvaa mwili. Hukunjwa, hupigwa lakiri, hukabidhiwa nahodha, kisha huachiwa Mungu na pepo.

Ni dola chache zilizouishi ukweli huo kwa muda mrefu kama dola ya Uhispania. Kwa zaidi ya karne tatu watu wake walitawanyika baina ya Sevilla na Lima, Cádiz na Veracruz, Meksiko na Manila, na kilichowaunganisha ni karatasi iliyosafiri ndani ya merikebu za matanga. Karatasi hizo, zile zilizosalimika, leo zinatafutwa na wakusanyaji wa barua za baharini kwa bidii ile ile ambayo wengine huitumia kutafuta lulu. Wapo wanaozitafuta kwa ajili ya fedha, na wapo wanaozitafuta kwa mapenzi. Lakini wote, wapende wasipende, hulifikia swali moja: je, kinachokusanywa ni karatasi, au ni maneno?

Asiyeujua uwanja huu hudhani kuwa mkusanyaji wa barua ni mkusanyaji wa stempu. Sivyo. Stempu ilikuja mwishoni mwa hadithi. Uhispania yenyewe ilitoa stempu yake ya kwanza tarehe 1 Januari 1850. Ufilipino ikafuata mwaka 1854, Kuba na Puerto Rico mwaka 1855. Kabla ya hapo barua ilikuwa karatasi iliyokunjwa bila ya bahasha: maneno yakabaki ndani, na mgongo wa karatasi ukawa mahali pa anwani. Juu ya mgongo huo mkusanyaji husoma safari nzima. Jina la mpokeaji huzungukwa na vyeo vyake, na mara nyingi na dua ya kuwa Mungu amlinde. Pembeni pengine huandikwa jina la merikebu. Na mahali pa wazi huchorwa kwa wino tarakimu moja kubwa, nayo ndiyo gharama ambayo aghalabu hakuilipa mwandishi bali mpokeaji. Aliyepelekewa habari ndiye aliyezinunua, ziwe za arusi au za msiba.

Gharama hiyo ilihesabiwa kwa real, na hapa msomaji wa pwani hana budi kusita. Sarafu ya fedha ya real nane, iliyofuliwa kwa madini ya Meksiko na Potosí, ilizagaa duniani kote ikaingia hadi Bahari ya Hindi. Waarabu wakalichukua jina la real wakalifanya riyal, na kwa mlango huo likaingia katika Kiswahili likawa riali. Bibi wa Unguja aliyehesabu mahari ya binti yake kwa riali, na karani wa Havana aliyeandika gharama ya barua juu ya karatasi, walitamka neno moja bila ya kujuana.

Kwa muda mrefu uchukuzi wa barua ulikuwa jambo la bahati. Mwaka 1503 ilianzishwa mjini Sevilla Casa de Contratación, nyumba iliyosimamia biashara na safari za ng'ambo. Mwaka 1514 cheo cha Mkuu wa Barua za Indias, kama zilivyoitwa nchi hizo za ng'ambo, alitunukiwa Lorenzo Galíndez de Carvajal, kikakaa katika ukoo wake hadi mwaka 1768 kiliporejeshwa kwa mfalme. Barua zilisafiri pamoja na misafara mikubwa ya biashara, au ndani ya vyombo vyepesi vilivyoitwa aviso, au mfukoni mwa abiria aliyeombwa kwa hisani. Ndipo mwaka 1764, zama za Mfalme Carlos wa Tatu, ilipoanzishwa huduma ya Correos Marítimos: kila mwezi chombo cha barua kiling'oa nanga La Coruña kuelekea Havana, na kuanzia mwaka 1767 ikafunguliwa njia ya pili kuelekea Buenos Aires.

Kwa mkusanyaji, mwaka 1764 ni kizingiti. Baada yake mihuri ya posta huzidi kuonekana juu ya karatasi, na kila muhuri una wapenzi wake. Upo usemao INDIAS. Upo usemao ISLAS FILIPINAS. Upo na ule uliopigwa nchini Uhispania juu ya barua zilizotoka visiwa vya Karibi, usemao ISLAS DE BARLOVENTO, yaani visiwa vya joshini, visiwa vya upande utokako upepo. Jina hilo halikuzaliwa ofisini. Lilitoka vinywani mwa mabaharia, kisha makarani wakalichonga katika muhuri; na hata leo, katika wino uliofifia, bado linanusa chumvi.

Walakini barua iliyosumbuka kuliko zote ni ile ya Manila. Mwaka 1565 Andrés de Urdaneta alionyesha njia ya kurudi kutoka Ufilipino hadi Meksiko kwa kupanda juu kaskazini kutafuta pepo za magharibi, na tangu hapo hadi mwaka 1815 merikebu za Manila na Acapulco zilikwenda na kurudi kwa kufuata misimu. Barua ya mama aliyeko Sevilla ilivuka Atlantiki hadi Veracruz, ikapanda milima ya Meksiko mgongoni mwa nyumbu, ikateremka Acapulco, ikangoja merikebu, kisha ikavuka Pasifiki kwa muda wa miezi mitatu hivi. Jibu nalo lilingoja msimu wake, na safari ya kurudi ilikula miezi minne hata sita. Wajuao kusi na kaskazi hawahitaji kuelezwa maana ya kuchelewa wiki mbili na kupoteza mwaka mzima. Swali lililoulizwa huku lilijibiwa kule baada ya miaka miwili au zaidi, na salamu ziliweza kumfikia mtu aliyekwisha kuzikwa.

Kwa kuwa bahari haikuaminika, watu walijifunza kuihadaa. Mfanyabiashara mwenye busara aliandika barua moja mara mbili au tatu, akapeleka kila nakala kwa chombo chake, akaandika juu yake kuwa hii ni ya pili, hii ni ya tatu. Mkusanyaji anayeshika nakala ya pili anajua kuwa ameshika ndugu mmoja. Wa kwanza yumkini alifika, yumkini amelala chini ya maji. Aidha yapo makovu mengine. Penye hofu ya tauni, homa ya manjano au kipindupindu, barua zilitiwa siki au zilifukizwa moshi, na pengine zilipasuliwa kwa kisu ili moshi upenye ndani. Karantini kubwa ya Mahón, katika kisiwa cha Menorca, iliyofunguliwa mwaka 1817, ilikuwa mojawapo ya mahali palipofanyiwa kazi hiyo. Doa la siki na tundu la kisu, ambavyo mtu mwingine angeviona uharibifu, kwa mkusanyaji ni ushahidi, naye hulipa zaidi kwa ajili yake.

Hapo ndipo swali la mwanzo linaporudi. Soko la barua hununua mgongo wa karatasi: muhuri, tarakimu, njia, jina la chombo. Yaliyomo ndani hayana bei, au yana bei ndogo. Zamani hali ilikuwa mbaya zaidi. Wakusanyaji wa awali waliibandua stempu kwa maji, au waliikata kwa mkasi, na barua iliyoileta ikatupwa. Stempu ya Ufilipino ya real moja, ya mwaka 1854, ni mfano mzuri. Bamba lake lilikuwa na stempu arobaini, kila moja ikichongwa peke yake kwa mkono. Na katika moja ya hizo arobaini mchongaji aliisahau herufi moja, akaandika CORROS badala ya CORREOS. Kosa hilo la mchongaji limeingia katika katalogi za dunia na watu hushindana kulipata. Ni barua ngapi zilizokatwa ili kuitafuta herufi iliyokosekana, ilhali maneno ya ndani, ambayo mtu aliyaandika usiku kwa taa akiwa mbali na kwao, hayakusomwa na yeyote?

Na maneno hayo yana uzito. Mwaka 1988 mwanahistoria Enrique Otte alichapisha barua 650 za watu binafsi waliohamia Indias, zilizoandikwa baina ya mwaka 1540 na 1616. Zilisalimika kwa sababu ya ajabu. Aliyetaka kusafiri kwenda ng'ambo alihitaji ruhusa, na ili aipate alipeleka mbele ya wakuu barua ya jamaa yake iliyomwita: mume akimwita mke, ami akimwita mpwa, ndugu akimwita ndugu. Karani aliitia barua katika jalada, na jalada likahifadhiwa. Leo zimo katika Archivo General de Indias mjini Sevilla, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1785. Waraka wa mapenzi ulitunzwa kwa kuwa uligeuka hati ya serikali. Ile isiyohitajiwa na karani ilisomwa hadi ikachakaa, ikaliwa na mende, ikaunguzwa na wino wake wenyewe. Kwani wino wa zama hizo, uliotengenezwa kwa chumvi ya chuma, una ukali unaotafuna karatasi taratibu.

Zipo nyingine zilizosalimika kwa njia ya kusikitisha zaidi. Wakati wa vita, merikebu ya adui ilipotekwa na Waingereza, karatasi zake zote zilipelekwa mahakamani London ili kuthibitisha chombo ni cha nani. Ndivyo ilivyokuwa kwa merikebu ya Kihispania La Ninfa, iliyotekwa mwaka 1747 ikiwa safarini kutoka Cádiz kwenda Veracruz. Barua zake hazikufika Meksiko. Waliozingojea walingoja hadi wakachoka, na pengine walidhani wamesahauliwa. Katika hifadhi ya taifa ya Uingereza, huko Kew, zimekusanyika barua zipatazo 160,000 za namna hiyo, za mataifa mengi, na tangu mwaka 2018 wataalamu wa Ujerumani na Uingereza wamo katika kazi ya miaka ishirini ya kuzipiga picha na kuzipanga. Baadhi yao walikuta lakiri bado haijavunjwa. Hivyo basi, nyingi kati ya barua zilizofika zimepotea, na zilizokosa kufika ndizo zilizobaki.

Mkusanyaji aliyekwisha kuyafahamu haya hawezi tena kuiangalia barua kama alivyoiangalia zamani. Na achukuliwe mmoja wao, aliyepata kununua bunda la nyaraka za nyumba moja ya biashara. Bunda lina barua thelathini, kutoka ng'ambo kwenda kwa mtu mmoja, kwa muda wa miaka kumi. Sita kati yake zina mihuri adimu. Mnadani, sita hizo zikiuzwa moja moja zitarudisha fedha yote na faida juu yake, na ishirini na nne zilizobaki zitauzwa kwa bei ya karatasi kuukuu. Hakuna atakayemlaumu, maana hiyo ndiyo desturi, na kwa desturi hiyo nyumba nyingi za kale zimetawanywa katika albamu za watu wasiojuana.

Kabla ya kuzitenga akaketi kuzisoma. Mwandiko ni mgumu, maneno yamefupishwa, na siku nzima huishia katika ukurasa mmoja. Lakini barua ya tatu inauliza hali ya mtoto mgonjwa, na habari za mtoto huyo zimo katika barua ya tisa. Katika ya kumi na mbili mwandishi anaomba radhi kwa hasira zilizokuwamo katika ya saba. Barua ya saba ina muhuri adimu. Ya kumi na mbili haina kitu. Zikiuzwa mbalimbali, kosa litakwenda nchi moja na msamaha utakwenda nchi nyingine, na bahari iliyokwisha kuvukwa itarudishwa upya baina yao.

Sheria nayo ina neno katika jambo hili. Sheria ya Uhispania ya mwaka 1985 inazihesabu hati zilizopita miaka mia moja, hata zikiwa za watu binafsi, kuwa sehemu ya urithi wa nyaraka wa nchi hiyo, na hati za ofisi za serikali ni urithi bila ya kujali umri wake. Kwa hiyo mkusanyaji mwangalifu huuliza karatasi imetoka wapi kabla ya kuuliza ni bei gani. Lakini sheria haiwezi kumlazimisha mtu kusoma. Hilo hulifanya kwa hiari yake.

Basi zipo kazi ndogo ndogo zilizo mikononi mwake. Huzipa barua namba kwa kufuata tarehe. Huzipiga picha zote thelathini, mgongo na tumbo, hata kama amekusudia kuuza baadhi. Huyanukuu maneno yake kwa kalamu ya risasi katika daftari. Huziweka penye kivuli na ukavu, mbali na gundi. Na akiwa na uwezo, huandika wasia kuwa bunda lisivunjwe, bali likabidhiwe hifadhi itakayolipokea zima. Faida yake katika hayo ni ndogo, na anayeijua bei ya soko atamwona mjinga. Lakini walioandikiana barua hizi walilipa gharama kubwa, real kwa real, ili wapate nusu ya kuonana; nayo kwa sasa imo katika kasha la mtu asiyewajua, ambaye kesho anaweza kuipeleka mnadani au kuiacha ilipo.